Maillot za ekipe yetu

Mujukuu wangu Solange,

Hapa Cimpunda tungali tunapumua. Shangazi yako amerudi kutoka Minova; mengine usiulize.

Nimeona photo ya mutoto wako mu maillot, jezi yenye jina la muji wetu Bukavu na la ekipe yetu ya mupira ya zamani. Unaomba nikutumie moja ya wakati ule. Haiko.

Mimi ndiye nilikuwa nazifua. Kipa wetu alipokufa, kapiteni aliitoa maillot ya marehemu ku kamba yangu ya kuanikia ingali na maji, wakamuzika nayo. Ikabaki desturi: muchezaji akikufa, anazikwa na yake. Kisha vita ikaja, vijana wakaenda nazo mumoja mumoja, mpaka kamba ikabakia mutupu.

Mutoto avae yake kila siku, aichafue. Namuomba Mungu kitu kimoja tu: akomae mpaka isimuingie tena.

Koko yako