Mate ya Babu

Temeke, Dar es Salaam

Kwa Bibi yangu, mke wangu wa Kiswere,

Shikamoo Bibi. Naomba barua ikukute mzima, na lile goti liwe limekuachia walau usali umesimama. Dada Somoe, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke kitu hata ukiona kinatisha. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Babu amefanyiwa operesheni. Yuko hai, vuta pumzi kwanza.

Kile kidonda cha pembeni mwa ulimi, tulichokuwa tunakipaka asali, daktari alisema ni kansa. Lazima akikate, halafu afungue shingo atoe vinundu, maana ugonjwa hupenda kujificha humo. Sasa chini ya taya, hapo hapo penye vinundu, kuna tezi inayotengeneza mate. Madaktari wengi huiondoa pamoja navyo. Huyu alisema akiikuta safi ataiacha, kwa sababu baadaye Babu huenda akapigwa mionzi, na mionzi hukausha mdomo mpaka mtu akashindwa kumeza hata ugali.

Mimi nikasema, "Daktari, toa kila kitu." Niliogopa, Bibi. Nilijiona nikirudi kwako na habari kwamba ugonjwa ulibaki kwa ajili ya mate.

Babu akanikatalia mbele ya watu. "Wewe mwizi wa mke wangu, nyamaza! Watoto wakisafiri, mie nitawatemea nini kwenye paji la uso? Soda?" Unajua mwenyewe, hakuna aliyetoka nyumba ile kwenda mbali bila mate yake. Hata mimi nilipanda gari la kuja mjini paji likiwa bado bichi.

Daktari, kijana wa bara asiyejua mambo yetu, akajibu, "Mzee, nikiitilia shaka naitoa. Sitakuamsha nikuulize."

Babu akamwambia alete mikono. Akaileta. Babu akaitemea, tfu, tfu, huku akisoma dua yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nesi mmoja, Mmakonde wa huko kwetu Lindi, akacheka: "Tulia daktari, unaombewa." Yule kijana akatulia mpaka dua ikaisha, ndipo akaenda kunawa.

Nilikaa nje kwenye benchi na suruali ya mteja, ya mitumba, ya kupunguza, maana siku hizi ushonaji wetu umebaki huo. Nikashona mguu wa kulia ukashikana na wa kushoto. Ikabidi nifumue.

Daktari alipotoka alisema tezi ameiacha. Nikamshukuru Mungu, halafu hofu ikarudi palepale. Vinundu vimepelekwa maabara na majibu hayajaja. Je, kama aliona vibaya? Kila akipita na makaratasi nainuka. Na Babu alizinduka mdomo mkavu, midomo imepasuka, hawezi kusema. Nikawa namlowesha kwa pamba huku nalia, nimemgeuzia mgongo asinione. Niombee Bibi, peke yangu siwezi.

Nisalimie shangazi, na mjomba wa Rondo akishuka, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomea Babu dua ya safari. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la korosho, mpe walau chai.

Somoe, ukimaliza kumsomea haya machache, mpe Bibi karatasi aishike mwenyewe. Bibi, papasa hapo chini palipokunjamana. Si machozi yangu. Asubuhi hii nilimwambia Babu kwamba nakuandikia. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza mdomoni. Kusema bado hasemi. Ila alitema, na karatasi ikalowa.

Mjukuu wako na mume wako mdogo,
Selemani