Mrushaji wa Consuelo: Kwa Baba Yetu Hermógenes Tavárez

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Januari ulipotuacha. Fainali za besiboli zinachezwa tena, mtaa mzima unabishana, na nyumbani kwetu redio iko kimya. Danilo alijaribu kuiwasha siku moja. Mama akamwambia, "Zima, mwanangu. Nani atamfokea mrushaji?" Akaizima.

Maana hiyo ilikuwa kazi yako. Ulikaa kwenye kiti chako cha kubembea, kikombe cha kahawa juu ya goti, ukimfokea kijana asiyejua hata kama upo duniani: "Tulia, wewe! Vuta pumzi! Una haraka ya kwenda wapi?" Sisi hukutupazia sauti hata mara moja. Sauti yako yote uliipa redio.

Waliokujua uzeeni wanakukumbuka hivyo: mzee mpole, fundi wa mitambo ya kiwanda cha sukari, ambaye akikasirika huingiza mikono mifukoni na kutoka nje ya uzio mpaka hasira zishuke. Wachache wanajua upole ule ulitoka wapi. Wewe hukuficha. Kila mmoja wetu alipopigana shuleni kwa mara ya kwanza, ulimketisha ukamsimulia. Leo tunasimulia sisi, Baba, kama ulivyotusimulia.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wa kurusha uliotajwa kutoka mji wetu wa Consuelo mpaka San Pedro. Msaka vipaji wa ligi kubwa za ng'ambo, kaskazini, alikuwa ameshaketi sebuleni kwa Babu, na Bibi alikuwa ameshaanza kulia kwa sababu ya baridi ya huko utakakokwenda. Ilibaki Jumapili moja ya kucheza na timu ya mji jirani wa Quisqueya, na Quisqueya walikuwa na mpigaji wao, Eligio Peguero.

Mama alikuwepo uwanjani. Hakuwa amekujua bado. Alikwenda na shangazi yake kuuza vitumbua. Anasema Eligio aliupiga mpira wako ukavuka uzio, akazunguka uwanja taratibu, akipungia watu mkono kama bwana harusi. Zamu yake ya kupiga iliporudi, akakuita mbele ya wote kwa kifupi cha jina lako: "Moge! Huo ni mpira au chungwa? Nimenye nile?"

Uwanja ukacheka. Hata watu wetu wa Consuelo walicheka. Kocha akakupa ishara umsogeze, yaani urushe karibu na mwili ili arudi nyuma. Siku zote ulituambia kwamba ishara ilikuwa ya kocha lakini mkono ulikuwa wako. Hukurusha kumsogeza. Ulirusha kumnyamazisha.

Siku zile wengi walipiga bila kofia ngumu. Mama anasema mlio wa mpira ulipompata jichoni ulikuwa mdogo sana. Eligio alipiga magoti, akajishika uso, na wote waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Jicho lake la kulia halikuona tena.

Ulikwenda hospitalini na sare yako imejaa vumbi. Mama yake, Bi Ercilia, akakuzuia mlangoni.

"Umefuata nini? Umekuja kuangalia kama ulilenga vizuri?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Basi kaliombe jicho."

Kesho yake ukarudi, ukafukuzwa. Eligio aliporuhusiwa kwenda nyumbani, ukaanza kwenda kwao Quisqueya kwa miguu, kupitia mashamba ya miwa, ukimchotea Bi Ercilia maji na kuyaacha nje ya mlango. Aliyamwaga. Ukachota mengine. Ikafika siku akaacha kuyamwaga, ila salamu zako hakuziitikia.

Wakati huohuo yule msaka vipaji alikuja kukutazama. "Mambo hayo hutokea, kijana," alikuambia. "Ni mchezo tu." Ukasimama mahali pa mrushaji, ukamwona mpigaji mbele yako, na mkono ukakataa. Kila mpira ulikwenda mbali na mtu, mdakaji akachoka kuifuata mipira. Yule bwana akakunja kiti chake akaondoka, na Bibi akalia tena, safari hii kwa sababu huendi. Ulisukuma glovu chini ya kitanda, ukaenda kuomba kazi kiwandani.

Habari zikamfikia Eligio. Akakuita. Ulimkuta uani, kitambaa bado kimefunika jicho.

"Nasikia umeacha kurusha."

"Nimeacha."

"Kwa hiyo umenipofusha bure?"

"Mimi siwezi kucheza, na wewe hutaki. Sasa siku ile alishinda nani, Moge? Hebu nieleze."

Akachukua gongo la kupigia mpira lililoegemea ukuta, akasimama tayari. "Nirushie."

Ulirusha polepole, kama unamrushia mtoto. Akauacha upite, akalibwaga gongo chini.

"Usinihurumie! Siku ile ulinirushia kwa hasira, leo unanirushia kwa huruma. Lini utanirushia kama mwenzako?"

Ulituambia hapo ndipo machozi yalipokutoka, ukarusha huku unalia. Alikosa. Akakosa tena na tena, maana kwa jicho moja hakuweza kupima mpira uko umbali gani. Jua likielekea kushuka, gongo likaugusa mmoja, ukaruka juu ya paa la jirani, na Eligio akapiga kelele kama aliyetwaa ubingwa. Bi Ercilia akatoka jikoni. Alikutazama kwa muda mrefu.

"Kijana," akasema, "ingia ule."

Mlikula ndizi za kuponda na mayai. Yeye hakula; alisimama pembeni akiwatazama wote wawili. Ulisema hujapata kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Kaskazini hukwenda kamwe. Uliirushia timu ya kiwanda kila Jumapili mpaka bega likakataa, kisha wewe na Mjomba Eligio mkafundisha watoto wa miji yote miwili, wewe kurusha, yeye kupiga. Sheria yenu ilikuwa moja: mrushaji akimpiga mtu kwa mpira, mchezo unasimama, anavua kofia, anamwendea, anamwangalia usoni. Kocha mmoja mgeni alilalamika kwamba mnawalegeza watoto. Mjomba akamsogezea uso. "Tunawalegeza? Hebu njoo karibu, uone ukali unafanana na nini."

Baadhi ya watoto wale walifika ambako wewe hukufika. Walipokuja kukusalimu ulifurahi nao kwa dhati. Sisi tulikuwa tunakutazama tuone kama kuna uchungu, na mara mojamoja tuliuona. Uliondoka mezani mapema, ukaenda kukaa peke yako uani, mkono wa kulia umeukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Hatukukufuata. Laiti tungekufuata.

Moyo ulipoanza kukuchosha, Mjomba Eligio alikuja kila siku kukuchokoza. "Inuka wewe! Unaogopa kizee cha jicho moja?" Ulicheka mpaka ukakohoa, Mama akamfukuza, na kesho yake akarudi. Asubuhi ya mwisho hukucheka. Ulimshika mkono.

"Eligio, lile jicho..."

"Nyamaza, Moge."

"Acha niseme."

"Ulishasema, tangu yale maji ya mama yangu. Lile jicho nilishakupa zamani. Ni lako. Nenda nalo."

Ukafumba macho. Mama alikuita kwa jina, akakuita tena, hukuitika.

Tulidhani mwaka mmoja ungetosha kutuzoesha. Haujatosha. Rosaura bado anapunguza mwendo akipita karibu na uwanja, halafu anakumbuka kwamba hupo tena pale na watoto, hakuna wa kumsubiri. Mama anaanza sentensi akikutafuta kwa macho, anaiacha katikati.

Misa yako ya mwaka itasomwa Jumamosi hii asubuhi katika kanisa la mtaani kwetu, na baadaye tutakula pamoja nyumbani. Rafiki zako wote wa Consuelo na Quisqueya wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Nereida. Wanao Yokasta, Danilo na Rosaura. Dada yako Tomasina. Wajukuu zako wote, na wakwe zako. Tulipokuwa tukiandika majina haya, Mjomba Eligio alikuwa ameketi nasi. Tukamuuliza tumwandike kama nani, rafiki au ndugu. Akajifuta macho yote mawili.

"Andikeni mpigaji wake," akasema.

Na Eligio Peguero, mpigaji wako.

Tutakukumbuka, Baba, siku zote tutakazojaliwa kuishi.