Mshale Uliosimama Katikati

Yaya mpendwa,

Dereva wa lori alinisikilizisha sauti yako kwenye simu yake. Ulikuwa unacheka. Ulisema kazi za upande wa Zambia zimekuchosha, unarudi mtaani kwetu Katuba, na ukamaliza hivi: "Mudogo, unichungie fasi yangu pa garaji." Nimekusikia: nikutunzie nafasi yako garajini. Nakujibu kwa barua ya wazi, na nitaibandika mlangoni, kwa sababu mafundi wenzetu wa barabara hii wananiuliza kwa nini nimekaa kimya, na wengine wanadhani nimekunyang'anya kazi. Waisome nao.

Nakuita Yaya ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Wewe ndiye kaka mkubwa niliyempata katika mji huu. Uliniona nimeshuka garimoshi kutoka Kabalo, nguo zimejaa vumbi, yule mtu wa ukoo wetu niliyetumwa kwake amekwisha kuhama. Ulinipa nusu ya godoro lako na nusu ya bukari yako, ule ugali wa jioni. Nikaona haya kugusa sahani. Ukasema, "Kula, mudogo. Kesho utanilipa na mikono." Kesho yake ukanivalisha ovaroli yako ya zamani, nami nikaanza kulipa, na sijaacha hadi leo. Mgongo wangu unajua. Nyumbani sijarudi tangu tulipomzika mama. Haya siyasahau, na ndiyo yananifanya nione uchungu kuandika yanayofuata.

Nianze na harufu, kwa maana mpaka sasa iko puani.

Umeshawahi kunusa bukari iliyolala siku nyingi ndani ya chuma, ikachacha, ikapikwa tena, ikachacha tena, ikachanganyika na kutu? Mimi nilifungua bomba la chini la radiateri ya ile gari nyekundu ya Mama Odile, nikangoja maji yatoke. Hayakutoka maji. Kilitoka kitu kizito cha rangi ya kahawia, kikaning'inia kama kamasi, halafu kikaanguka kwenye beseni kwa kishindo. Nilitapika karibu na tairi. Tangu siku hiyo nikiona mwiko unageuzwa kwenye sufuria, naondoka.

Uliweka unga wa mahindi ndani ya radiateri, Yaya.

Gari ile unaikumbuka. Fupi, ya viti viwili, imekaa chini hata mtu anaingia kama anayelala. Marehemu mume wa Mama Odile aliinunua alipokuwa anafundisha chuoni kule Kasapa, akaitunza mpaka kifo chake, na baada ya hapo ikabaki nyumbani kwao Makomeno, inatoka Jumapili kwa misa. Ilipoletwa kwetu mara ya kwanza uliizunguka, ukafuta vumbi kwenye taa kwa mkono wa shati lako. Mama Odile alisema inachemka. Alisema pia kwamba binti yake Nadine anaolewa, na baba yake, kabla ya kufa, alimwahidi kwamba ataenda kanisani ndani ya gari hii. "Sitaki ingine," alisema mama. "Ni ahadi ya muntu mwenye eko mu kaburi."

Siku hiyo ulinifundisha vizuri kuliko siku zote. Ulinikalisha kando yako tukaenda mbio kwenye lami mpaka mwisho wa mji, mshale wa joto ukatulia. Tukarudi polepole nyuma ya malori, mshale ukapanda. Ukazima injini, ukanigeukia. "Unaona? Ikipata moto mu mbio, tafuta maji. Ikipata moto mu polepole, tafuta upepo. Usifungue kintu mbele ya kuuliza gari inapata moto fasi gani." Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikaa na maneno yale kichwani nikifua ovaroli zetu.

Kwa hiyo usiniambie hukujua. Ulijua ni feni, inayoleta huo upepo. Ulijua, mbele yangu, siku ya kwanza. Kisha ukafunga mlango wa garaji, ukaishughulikia peke yako, ukamrudishia mama gari yake.

Sasa nikueleze arusi, kwa sababu ulikuwa umeshavuka mpaka na labda walikusimulia kwa kucheka.

Msafara ulitoka Makomeno ukapita huku Katuba, kwa ajili ya bibi yake Nadine ambaye hawezi tena kutoka nje ya uwanja wake, aone mjukuu wake amevaa. Unajua misafara yetu. Honi, mama wengine wanacheza barabarani, mpiga video anatembea kinyumenyume mbele ya gari ya bibi arusi na kuamuru, "Polepole! Polepole tena!" Injini inanguruma, gari haisogei, upepo hauingii. Nyuma ya usukani alikuwa Bruno, kaka yake Nadine. Amenieleza mwenyewe. Alisikia harufu ya chakula. Aliona mvuke kidogo pembeni ya kifuniko cha mbele. Akatazama mshale wa joto. Ulikuwa katikati, umetulia. Akasema moyoni, basi ni bomba tu linavuja, maji hayana moto. Halafu injini ikazimika yenyewe mbele ya duka la mikate.

Mimi nilikuwa garajini, chini ya gari nyingine. Nikasikia watoto wa mtaa wanakimbia na kupiga kelele: "Fundi! Fundi! Gari yenu inatapika bukari!"

Nilifika watu wamejaa, wanacheka kabisa. Mmoja alisema, "Leteni samaki, bukari iko tayari!" Mwingine akajibu, "Kumbe gari ya patron tajiri inakula kuliko siye!" Mimi pia, nakiri, mdomo wangu ulitaka kucheka. Halafu nikamwona Bruno.

Bruno alikuwa amefunga kitambaa mkononi akafungua kifuniko cha radiateri, kwa sababu mshale ulimwambia hakuna hatari. Maji ya moto yanakuunguza halafu yanatiririka. Uji wa unga haukutiririka, Yaya. Uliganda kwenye mkono wake, kutoka vidole mpaka kiwiko, na kipande shavuni, ukaendelea kupika nyama. Alikuwa anaukung'uta na hautoki. Nadine alitupa viatu vyake vyeupe, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake lote, akawa anammiminia maji ya chupa na kuubandua kwa kucha, polepole, ngozi isije nayo. Ilikuja nayo. Hapo hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mpiga video alikuwa ameshusha kamera.

Walienda hospitalini kwanza. Kanisani walifika jua limeinama, ndani ya teksi, gauni lina matope na uji. Bruno alibaki kitandani. Ahadi ya yule mzee iliishia mbele ya duka la mikate.

Gari tuliisukuma mpaka kwetu. Nilikaa nayo siku nzima bila kuigusa. Halafu nikaanza, kama ulivyonifundisha.

Feni ilikuwa imekwama, haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole. Hukuigusa kabisa; vumbi jekundu lilikuwa limeshikana juu yake kama tofali. Termostati, ile valvu ya kuzuia maji mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Hiyo sikushangaa, sisi wote wa barabara hii tunaitoa na kuitupa, eti maji yapite haraka, na tunajiita mafundi. Oili ilikuwa nyeupe na nzito, ile tunayoiita mayonezi, maana yake jointi ya kichwa cha injini ilishaungua na maji yanaingia mahali pa oili. Na mule mlimotobokea radiateri, unga. Nimewaza sana juu ya unga huo. Nimeona mafundi wanatia unga, wanatia yai, wanatia pilipili ya kusaga, ili tundu lizibe gari ifike nyumbani. Wazee wao waliwafundisha hivyo. Ni uchafu, ni ujinga, lakini ni ujinga wetu sote, na kama ingekuwa unga peke yake ningekungojea kwenye mpaka nikubebee mfuko.

Ila nilipounganisha betri, nikageuza ufunguo bila kuwasha. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati, ukasimama.

Nikazima. Nikageuza tena. Ukapanda, ukasimama mahali palepale.

Niliingiza kichwa chini ya dashibodi nikafuata waya. Haukuwa unaenda kwenye injini. Ulikatwa, ukaunganishwa na kitu kidogo chenye pete za rangi, halafu kikafungwa kwa utepe mweusi. Na mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa kidogo, ili siku nyingine mtu asihangaike kuutafuta kwa kucha. Ni wewe tu katika Katuba nzima unayekunja utepe hivyo. Mimi nakunja hivyo kwa sababu yako.

Kile kitu kidogo nakijua kilikotoka. Unakumbuka redio yetu? Tuliyokuwa tunasikilizia mpira, tukiiweka juu ya tairi mbovu, wewe ukitukana refa kana kwamba anasikia? Iliponyamaza ulisema utaitengeneza. Nilikuona umeinamia meza, unachomoa vipande na kuvijaribu kimoja kimoja, muda mrefu, kwa uangalifu mkubwa. Nikakuletea chai. Nilidhani unatafuta sauti. Kumbe ulikuwa unatafuta kipande kitakachosimamisha mshale mahali ambapo mtu hawezi kuogopa.

Hapo ndipo kinyaa kilinishika hasa. Uchafu wa radiateri niliuosha. Huu siuoni pa kuuoshea.

Nilitembea mpaka Makomeno kumwambia Mama Odile. Ningeweza kunyamaza, kazi ilikuwa yako, nawe hukuwepo. Alinipa kiti, nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Ile harufu nilimuuliza," alisema. "Nilimwambia, fundi, gari yangu inanuka chakula. Akanijibu, hapana kuogopa mama, ni moteri inajisafisha."

"Ndiyo, mama."

"Na ule mushale. Alijua?"

"Alijua, mama. Waya wa mushale hauwezi kujikata wenyewe."

Bruno alikuwa nyuma ya pazia, mkono umefungwa. Nilisikia kitanda kinalia. Nilingoja anifukuze. Halafu mama akasema, "Utaitengeneza. Lakini mbele ya macho yangu. Mi sitaamini tena muntu anafunga mulango."

Basi alikuja kila asubuhi na kibenchi chake, akakaa pale pembeni ya meza yako ya vyuma, na kitambaa mdomoni kwa ajili ya harufu. Niliifungua radiateri yote, nikaikwangua. Niliisafisha injini mpaka maji yakatoka meupe. Nikaweka jointi mpya, termostati, feni, na waya wa mshale nikaurudisha pale ulipozaliwa. Mwanzoni nilichukia kutazamwa. Kila nilichoshika aliuliza, "Hiyo ni nini? Kwa nini unaitoa?" Nilijibu nikiwa nimeuma meno. Baada ya muda nikagundua kwamba nilipolazimika kumjibu, sikuweza kuruka kitu.

Siku ya mwisho tuliwasha injini tukaiacha ingurume imesimama, bila kusogea, kama kwenye msafara. Mama Odile alikuwa ndani, mikono juu ya usukani. Mshale ulikuwa chini kabisa. Ukaanza kupanda. Ukapita katikati kidogo. Feni ikawaka. Mshale ukashuka.

"Unatembea," alisema mama. Akaanza kulia. "Unatembea, mwanangu."

Yaya, nimechoka. Nimechoka na vumbi la mji huu, na mikono isiyotakata, na watu wanaokuja kutuambia "fanya tu itembee leo." Najua walikuharakisha. Najua arusi ilikuwa karibu na jointi ilikuwa kazi kubwa. Ungesema tu, "Mama, sitaweza kumaliza." Ungesema hivyo, Nadine angepanda teksi na gauni safi, na Bruno angekuwa na vidole vinavyokunjika.

Unga nakusamehe. Mshale hapana. Siwezi kusimama kando yako tena, nikikutazama umeinama juu ya gari ya mtu, nikajiuliza unatafuta nini.

Vyombo vyako vya kazi nimevipaka mafuta, nimevifunga, nimempelekea mke wako, uliyemwoa baada ya enzi za godoro letu. Ovaroli yako pia, imefuliwa. Ukifika, usipitie kwangu kwanza. Nenda Makomeno, umwombe Bruno akuonyeshe mkono wake, na usigeuze uso. Ukitoka huko, njoo nyumbani. Sahani ipo. Itakuwa ya wali, kwa sababu ile nyingine haipiti tena kooni mwangu.

Kuhusu fasi yako pa garaji: nimeichunga kama ulivyoniomba. Nimeitoa meza yako, nimepafagia, na pale nimeweka kibenchi cha Mama Odile. Mwenye gari anakaa hapo na kutazama mpaka nimalize.

Njia yako iwe salama.

Mdogo wako wa godoro moja