Minyaa Yetu Ilivyotembea

Mama,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya kaya zote za kitongoji chetu, nakutangazia rasmi kwamba choo chako kimeingia kwenye ramani. Kimetoka vizuri, pamoja na lile bati lililopinda na jiwe ulilolikandamizia upepo usilichukue. Nyumba ya mwenyekiti imefichwa nusu na mti. Choo chako hakikufichwa na kitu.

Imeletwa droni, Mama. Ni kindege cha ukubwa wa sinia, kina mapanga manne, kinalia kama mzinga uliochokozwa. Kinapita juu ya mashamba kikipiga picha, kisha picha zinaunganishwa ziwe ramani, ili kila mtu apate hati ya kimila ya shamba lake. Mimi walinichukua nitandaze chini alama nyeupe za kukiongoza. Siku tatu nimezunguka kijiji kizima, miguu imekwisha. Mzee Petro aliposikia tunapigwa picha alivaa koti la harusi, akasimama uani kwake wima kabisa. Ametoka kofia tu.

Siku ya tatu binti mtaalamu anayekirusha akanionyesha shamba letu kwenye kompyuta. Akauliza, "Kaka, hii mistari ni nini?"

Ilikuwa mistari minne myembamba, sambamba na ua wetu wa minyaa, ndani ya alizeti yetu, pale ilipokuwa fupi na imepauka. Nikamwambia labda ni njia ya ng'ombe. Nilijua siyo.

Unakumbuka? Masika yakianza tunatoka wawili, wewe na panga, mimi na mzigo wa vipande vya minyaa. Unachomeka hatua moja upande wa jirani yetu, Mama Hadija. Vikishashika, unang'oa ua wa zamani. "Usifikiche macho, utomvu utakupofusha." Basi nilikuwa natembea mikono imening'inia mbali na mwili, kama kuku aliyenyeshewa. Nilidhani ndivyo ua unavyotunzwa.

Kisha kwenye picha nikaona kipande cheupe katikati ya mistari ile. Saruji ya kaburi lako.

Ulituambia, "Mnizike karibu na minyaa." Tukadhani unapenda kivuli. Mama, minyaa ina kivuli gani? Penye kaburi la mtu hakuna anayeuliza tena shamba ni la nani. Ulikuwa unachomeka kipande cha mwisho.

Kesho yake kila mtu alitakiwa asimame na jirani yake, waoneshe mpaka kwenye picha, watie dole gumba. Ukishaandikwa umeandikwa, na wajukuu wataukuta hivyo. Kwangu ilikuwa ni kunyamaza tu. Ua upo, watu wote wanauona, nani angeuliza? Lakini nimechoka, Mama. Tangu nilipopata akili namwamkia Mama Hadija shikamoo nikiwa natazama miguu yake. Najua ana kandambili ngapi.

Nikaweka kidole kwenye mstari wa zamani kuliko yote. Nikasema, "Mpaka ni hapa." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Mama Hadija akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mwanangu, kwani mimi kipofu? Kila masika naona minyaa ya mama yako inatembea. Nikasema, mjane ana watoto watano, acha itembee. Ila sasa na mimi nina wajukuu. Irudi."

Nikamuuliza, na kaburi?

"Huyo mwache alale. Shamba langu alilipenda sana, si amelipata?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu ikanibidi nijifanye natafuta wino wa dole gumba.

Kaka amepiga simu kutoka Dar. Anasema nimekuuza ukiwa kaburini, na kwamba ulidhani huku juu umeacha watoto, kumbe umeacha mashahidi wa kukushtaki. Yeye hakubeba minyaa. Na wewe sikulaumu. Nilikula ugali wa mtama wa ule ukanda na nikashiba. Nilitaka tu kukuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa mtu mwingine atakayekuja huko.

Pumzika, Mama. Kila baada ya mavuno nitakuja kufyeka majani hapo ulipo. Nitapiga hodi kwanza kwa Mama Hadija, maana ni kwake, na nitamwamkia nikimtazama usoni. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine kubwa.

Binti mtaalamu alipima upana wa ule ukanda kabla hajafunga kompyuta yake. Ni mita tatu na nusu.