Kuomba Mguu wa Baba

Jumatatu, 3 Februari

Kidato cha nne, vipindi viwili mfululizo. Chaki imenijaa puani. Nimeandika ubaoni njia tatu za kumshawishi mtu, zile za Wagiriki wa kale: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji, nguvu ya hoja. Wamenakili kimya. Diane wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, ya nguvu kabisa iko gani?" Nikajibu hoja. Sikufikiri hata kidogo.

Jioni, nyumbani mtaa wa Niboye, nimefungua bandeji ya baba. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi. Sukari. Daktari alishasema Ijumaa: mguu ukatwe chini ya goti, na upesi, la sivyo tutampoteza. Baba amekataa.

Jumatano, 5 Februari

Nimejaribu hoja. Nilizipanga kwenye karatasi, nne, kuanzia nyepesi hadi nzito. Baba akasikiliza hadi mwisho, akanirekebisha ya tatu. Kisha akasema, "Mguu ni yangu. Nilikuja nayo, nitaenda nayo." Kiswahili cha Bujumbura, alikokulia. Hukitoa akitaka kunifungia mlango.

Nilisahau ninabishana na nani. Miaka thelathini baba ni mzee wa misango, yaani ndiye anayesimama kwenye sherehe za kuomba mchumba na kusema kwa niaba ya familia. Wageni wakiomba binti, yeye hukataa, huwatania, huwakumbusha makosa ya babu zao, hukataa tena. Wakishajibu vizuri, ndipo hutoa. Kazi ya kusimama. Nadhani hicho ndicho kinachomuuma, kwamba hatasimama tena. Sijamuuliza.

Jumapili, 9 Februari

Leo hisia. Nimelia mbele yake. Nimemtaja marehemu mama. Alinipa leso yake, akageukia ukutani.

Mguu umeanza kunuka. Nilifungua madirisha nikasingizia joto. Nina hasira naye. Kumkasirikia mgonjwa ni aibu, lakini ninayo.

Alhamisi, 13 Februari

Zoezi la darasani: mshawishi mzazi wako akuruhusu kwenda safari ya shule. Wote wameandika hoja, kama nilivyowafundisha. Diane kaandika mstari mmoja: sitasema mimi, nitamtuma shangazi. Nikampa tatu kwa kumi.

Nikiwa kwenye basi la jioni ndipo iliponiingia akilini. Mtoto haombi mwenyewe. Hata bwana harusi siku ya kuombewa hafungui mdomo. Mimi, mwalimu wa ushawishi, binti wa mzee wa misango, nimepoteza siku kumi kwa sababu nilitaka nishinde mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Jana nilikwenda mtaa wa Rwezamenyo kwa Mzee Yusufu. Ni msemaji kama baba, mpinzani wake wa siku zote. Kwenye harusi hutupiana maneno hadi watu wanasahau kula. Nikamweleza. Hakuuliza mengi.

Leo akaja. Kanzu, kofia, wazee wawili nyuma yake, chupa ya maziwa mkononi. Akasimama mbele ya kiti cha baba, akasema wametumwa na hospitali kuja kuomba binti anayeitwa Mguu wa Kushoto. Nikaogopa baba atatukana. Baba alijiweka sawa kitini. Sauti yake ile ya sherehe ikarudi.

Akasema binti ameshaposwa. Wakauliza, na nani? Akajibu, na mimi mwenyewe. Akasema ni mweusi siku hizi, hawatampenda. Wakasema wanampenda hivyo hivyo. Nilicheka jikoni, mkono mdomoni.

Kisha akafika kwenye makosa, kama desturi ilivyo. Akasema, "Nyumba iliyowatuma ilishachukua mke wangu. Alienda kwa miguu yake. Hakuna mtu alirudi kunipa habari. Nilijua kwa mlinzi wa geti."

Ni miaka kumi na mbili tangu mama afariki. Sikuwahi kujua habari ya mlinzi. Nilidhani kinachomuuma ni kusimama.

Mzee Yusufu alivua kofia. Akapiga magoti, na magoti yake ni mabovu. Akaomba radhi kwa niaba ya nyumba iliyomtuma. Akaahidi kwamba safari hii watarudi na habari, iwe njema iwe mbaya. Baba akasema, mchukueni. Wakanywa maziwa, kama ilivyo desturi binti akishatolewa.

Jumatatu, 17 Februari

Wamekata. Juu ya goti, si chini. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba sumu imeshaingia kwenye damu. Nikamuuliza kama siku kumi zingebadilisha kitu. Akasema pengine.

Alhamisi, 20 Februari

Homa. Hanitambui vizuri. Ameniita kwa jina la mama.

Jumanne, 25 Februari

Baba amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwepo. Nilimshika mkono.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kazini. Ubao ule ule. Nimembadilishia Diane alama, kumi kwa kumi. Akashangaa. Nikamwambia ile siku nilisahihisha vibaya. Wengine wakauliza tena ipi ina nguvu zaidi. Nikasema sijui, na kwamba kabla ya zote mtu aulizwe kwa nini anakataa. Wakaandika. Nami nikakaa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua asubuhi, ikakatika. Mchana Mzee Yusufu amebisha hodi, peke yake, chupa ya maziwa mkononi. Alikuwepo mazishini, nikadhani amekuja kunipa pole tu. Hakuja kwangu. Akasimama mbele ya kiti cha baba, akavua kofia, akasema wamerudi na habari kama walivyoahidi. Akaitoa yote taratibu: siku ya upasuaji, homa, saa aliyoondoka, nani alikuwa naye. Hakuficha neno.

Kisha akakaa. Nikaleta vikombe vitatu.