Mbuzi wa Mgeni Asiyekula Nyama

Garissa, Jumapili asubuhi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, goti limetulia, na baridi ya Wundanyi haijakuzuia kwenda shambani. Mimi ni mzima isipokuwa tumbo, na hilo nitalieleza mahali pake. Huku joto ni lile lile. Asubuhi tunalalamika, na ikifika saa sita hakuna mwenye nguvu ya kulalamika. Mvua bado.

Nimeamua kuandika kwa sababu tulipozungumza juzi mtandao ulikatika ukiwa ndiyo kwanza umesema, "Si ungekula kidogo tu, mwanangu?" Nilikuwa na jibu, lakini simu haikungoja. Na hata ingengoja, wewe na mimi kwenye simu huishia kupokezana kelele. Karatasi hainikatizi. Basi soma mpaka mwisho, au Mghoi akusomee, ndipo uniambie kama ningekula kidogo.

Unajua niliacha nyama miaka kadhaa sasa, na unajua sina kisa. Nilishinda machinjioni wiki nzima nikitayarisha ripoti, nikarudi nyumbani hamu imekwisha, na haikurudi. Sikuapa, sikuokoka upya, sikuota ndoto. Mtu anayeishi kwa kukusanya visa vya wengine hana kisa chake mwenyewe, na hilo huwaudhi watu kuliko nyama yenyewe.

Hapa mjini nimezoea. Katika hoteli ninayokula mchana, mhudumu huniuliza kila siku, "Wali na nini?"

"Na maharage."

"Maharage na nini?"

"Basi."

"Haya, mbuzi nakuwekea kando."

Juzi aliniletea kabichi, na chini ya kabichi kulikuwa na mfupa. Nilipomwonyesha alisema, "Huo ni wa ladha tu, walaal, usiuhesabu." Walaal kwao ni ndugu. Ofisini yuko mwenzangu aliyetoka bara ambaye huniita Sungura. Hayo hayanikoseshi usingizi. Kilichonichosha ni habari ya Haji Yussuf, ambayo ulisikia nusu yake.

Haji Yussuf ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja nje ya Habaswein, ukiacha barabara ya Wajir na kufuata njia ya magari ya mifugo. Kijiji kilichimbiwa kisima kirefu kwa mashine, pampu ikafungwa, maji yakatoka. Kisha wakaja watu na lori mchana kweupe, wakaifungua pampu wakisema inakwenda kutengenezwa, wakaondoka nayo. Haijarudi. Sasa watu, mbuzi na ngamia wanakunywa silanga moja, bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua. Haji alisimama pale lori likipakia, alizungumza na waliokuja, na anajua walitumwa na nani. Kila niliyemuuliza kijijini alinijibu, "Muulize Haji." Bila sauti yake sina ripoti, nina uvumi. Mhariri wangu wa Nairobi alisema hivyo hivyo, na katika hilo alikuwa sahihi.

Dereva wangu, ambaye pia ndiye mkalimani wangu, anaitwa Abdi. Haji ni ndugu wa baba yake, kwa hiyo humwita adeer, kama sisi tunavyosema baba mdogo. Nilimwomba Abdi apige simu mapema aeleze kwamba mgeni hali nyama, wasichinje. Alipiga nikiwa nimeketi kando yake. Nilimsikia Haji akicheka kwa furaha upande wa pili.

"Amesemaje?"

"Anasema karibu sana."

Sasa sikia kosa lenyewe. Kwa watu wa huku, mgeni mwenye adabu hasemi "nichinjieni." Husema "msijisumbue, mimi sili." Na mwenyeji mwenye adabu akisikia hivyo anajua wajibu wake. Haji alielewa kwamba atatembelewa na muungwana. Akamwacha mbuzi aliyekuwa amemkusudia, akachagua mwingine mkubwa zaidi.

Tulipofika, ngozi ilikuwa tayari imetandazwa juani.

Walileta sinia moja: wali uliopikwa kwa supu, nyama juu, ndizi mbivu pembeni. Tulikaa wazee watano, Abdi na mimi. Haji ni mtu mrefu, ndevu zake amezitia hina, na mikono yake haina haraka. Alikata kipande cha karibu na figo pamoja na mafuta yake, akakiweka upande wangu. Nilikunywa kikombe kizima cha maziwa ya ngamia nikaomba cha pili. Nikala ndizi. Kipande kilibaki. Akakisogeza karibu zaidi. Nikasema nashukuru, lakini kwa kweli sili nyama. Abdi akatafsiri macho yakiwa kwenye sinia.

Haji aliacha Kisomali akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili.

"Wewe mgonjwa?"

"Hapana, Haji."

"Dini yako inakataza?"

"Haikatazi."

"Hii mbuzi nimechinja mimi, kwa jina la Mungu, na kisu safi. Umeona kitu mbaya?"

"Sijaona kitu kibaya. Niliacha tu nyama, zamani kidogo. Hata kwa mama yangu sili."

Akawageukia wenzake akasema maneno machache. Abdi akajichotea wali. Nikamwambia atafsiri, ndiyo kazi yake.

"Anasema, kama si ugonjwa, na si dini, basi ni sisi."

Hakuna aliyepandisha sauti. Tulinawa, tukapewa chai. Nilipotoa kinasa sauti, Haji alisema amechoka, siku nyingine, inshallah. Kwa miaka yangu katika kazi hii nimejifunza kutofautisha inshallah ya ndiyo na inshallah ya kuagana.

Njiani Abdi alianza kunisema kabla hatujafika kwenye barabara kubwa.

"Walaal, ungesema vidonda vya tumbo. Hapa kila mtu anaheshimu vidonda vya tumbo."

"Sina."

"Gauti, basi. Gauti ni ugonjwa wa watu wakubwa."

"Abdi, nimekwenda kumwomba mzee aseme ukweli mbele ya kinasa sauti. Nianze kwa kumdanganya?"

"Uongo mdogo huo."

"Na yeye akiniambia uongo mdogo kuhusu pampu?"

Alipunguza mwendo akakwepa shimo. Kisha akasema, "Wewe utarudi Nairobi siku moja. Mimi ndiye niliyekuleta pale. Mama yangu atasikia kabla hatujafika Garissa." Tulipokuwa Habaswein tukiweka mafuta simu yake ililia. Sikuhitaji kujua Kisomali. Sauti ya mama yake niliisikia nikiwa upande wa pili wa gari.

Alipokata ndipo aliponieleza jambo ambalo angenieleza mapema. Msimu uliopita alikuja kijana kutoka Nairobi, wa semina, akawakusanya wazee hao hao. Akawaambia wapunguze mifugo, walime, wajifunze kula maharage, kwa kuwa nyama inaiharibu dunia. "Na alisema hayo akiwa ameshashiba mbuzi wao," Abdi alisema. "Adeer amekuona wewe ndiye yule yule, ila wewe umeanza kwa kukataa."

Nilimwelewa Haji, Mama, lakini hasira haikupungua, na hadi sasa naandika nikiwa nayo. Mgonjwa anaruhusiwa kuacha nyama. Mwenye dini anaruhusiwa. Mtu aliyeamua tu, mwenye akili zake, lazima ajieleze mpaka apatikane aliyemkosea. Na usidhani ni huku peke yake. Mhariri alicheka: "Kipande kimoja, bwana, kazi ni kazi." Yule anayeniita Sungura alisema kwa habari kama hiyo angekula mbuzi na kamba yake. Wewe nawe ukasema kidogo tu. Watu ambao hawajawahi kupatana juu ya lolote wamepatana juu ya sahani yangu.

Na yule kijana wa semina ananiudhi vilevile. Wako wenzake wanaodhani kwa kuwa sili nyama niko upande wao, nikawahubirie wafugaji kwamba maisha yao ni kosa. Mtu wa huku ale majani gani, katika nchi ambayo mbuzi husimama kwa miguu miwili kulifikia jani? Sijawahi kumwambia mtu asile. Ninachoomba ni kutendewa hivyo hivyo.

Tulirudi wiki iliyofuata. Abdi alikubali kwa sharti kwamba nisijieleze tena. Safari hii hapakuwa na sinia. Tulipewa chai na anjera, ule mkate wao mwembamba kama chapati ya maji, na Haji akaagiza kitu kutoka ndani. Kikaja chombo cha mbao chenye mfuniko wa ngozi. Ndani mlikuwa na nyirinyiri, zile nyama zinazokatwa vipande vidogo, zikakaushwa, zikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli ili mgeni asikute nyumba tupu. Alichukua kipande kimoja, kidogo kama punje ya mahindi, akakiweka juu ya anjera yangu.

"Kula hii moja. Halafu uliza unachotaka."

Hapo ndipo ungependa nikwambie nilikula. Kilikuwa kidogo kweli, kingepita bila kutafunwa. Upande wa pili ilikuwa pampu, na wanawake niliowapita njiani wakichota silanga huku punda wakisimama ndani ya maji hayo hayo. Nilifikiri yote hayo, na nilifikiri upesi. Lakini mtu akinunua neno la shahidi kwa kitu asichokiamini, ataliamini vipi neno lenyewe?

"Sili, Haji. Ukinirudisha nitarudi, na heshima yako iko pale pale."

Abdi, aliyekuwa ameniamuru ninyamaze, akaanza yeye kusema. Alisema kwa Kisomali kwa muda mrefu, na mzee mmoja akapaliwa na chai kwa kicheko. Nikadai tafsiri.

"Nimemkumbusha alipolazwa hospitali Mombasa. Kila mchana samaki. Alikataa mpaka tukawa tunamnunulia mkate. Muuguzi akamwuliza, mzee, daktari amekukataza? Hapana. Dini? Hapana."

"Samaki si chakula," Haji alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Ni mdudu ya maji."

"Watu wa Mombasa wanamla kila siku, adeer."

"Wale! Mimi nimewazuia?"

Haji alikitazama kile kipande, akakichukua akakila mwenyewe. Usidhani nilishinda. Ukimuuliza leo atakwambia samaki ni jambo moja na mbuzi ni jambo lingine kabisa. Ila alifuta vidole, akaniuliza, "Maji unakunywa?"

"Nakunywa."

Alimwita mkwewe, akamwambia alete. Yalikuja kwenye kikombe cha plastiki, rangi ya chai ya maziwa, na yalinuka zizi. Abdi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba garini kuna maji ya chupa. Haji alimsikia.

"Huyu hawezi kula na sisi. Basi anywe na sisi."

Nilikunywa yote. Haji alikaa akinitazama mpaka kikombe kikawa kikavu, kisha akasema, "Washa mashine yako."

Alisema kwa utaratibu, bila kuzunguka: rangi ya lori, nani aliyelileta, nani aliyempigia simu siku moja kabla na kumwambia asizuie, na alichoahidiwa ili anyamaze. Aliyataja majina mara mbili bila mimi kumwomba. Nilirudi Garissa na ripoti mkononi, na tumbo likafuata baadaye. Sasa unajua. Nimepewa dawa, inafanya kazi, usimtume mtu na mizizi.

Ripoti imetangazwa. Ofisi inayohusika imesema suala linashughulikiwa, jibu ambalo nimelisikia tangu nikiwa kijana. Pampu haijarudi. Na sokoni watu wananisimamisha, wananishika mkono, halafu wananiuliza, "Ni wewe uliyekataa mbuzi wa Haji Yussuf?" Nasema ni mimi. Nikiwauliza kuhusu pampu, wanakumbuka wana haraka.

Kwa hiyo jibu langu, Mama, ni hapana, nisingekula kidogo. Nikija Desemba naomba nikae mezani kama wengine, bila kuombewa radhi, bila wewe kumnong'oneza shangazi kwamba naumwa. Nipikie kunde kama unavyozipika. Wengine wale kuku wao kwa amani, na mimi sitawatazama sahani.

Nisalimie Mghoi, na umwambie huyo dada yangu kwamba mtu hasomi barua ya mama kwa sauti ya kuigiza. Msalimie Mjomba wa bucha ya stendi, ambaye bado ananichukulia kama mteja aliyeibwa. Shangazi Wakesho mwambie kitenge chake nimekipata, nitakileta. Mwalimu jirani yetu mpe pole ya msiba. Abdi naye anakusalimu. Kwa mama yake bado sijakaribishwa.

Kesho alfajiri tunarudi kwa Haji. Amepiga simu kwamba lori lile limeonekana tena upande wa Wajir. Nimemwambia Abdi maji ya chupa tuyaache hapa.

Ni mimi mwanao,
Mwadime