Njia nyeupe kisogoni

Baba, mimi sijakudharau. Umeacha chai mezani na kununa kwa sababu nimejinyoa mwenyewe, na wewe ni kinyozi. Mkono wako unatetemeka tangu uugue, na leo naanza kazi, sikutaka kufika na kidonda. Nikashindwa kukuambia. Nikawasha mashine yako bila kufunga kile kichana chake, nikajichimbia njia nyeupe kutoka sikioni mpaka kisogoni. Cheka tu, mama ameshacheka.

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo. Dawa ya saa sita usiiruke.

~~Jioni nitapita kwa kinyozi wa kona anirekebishe.~~ Hapana. Jioni nakaa kwenye kiti chako, uninyoe kipara. Ukinikata, unikate tu.

Haya, nimeenda.

Mwanao mkubwa